Masale Themanini na Moja

Kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha marehemu mama yangu, Marangu, kuna masale themanini na moja. Yameanzia banda la ng'ombe, yakapita chini ya dirisha la chumba alichokuwa akilala, yakaishia kaburini kwake. Yote nimeyapanda mimi, moja kwa siku, na sikuruka hata siku moja. Nalisema hili mapema kwa sababu maishani mwangu sina vitu vingi nilivyovianza nikavimaliza. Shule niliishia darasa la saba. Ndoa yangu ilidumu miaka minne. Mgahawa wangu wa Majengo, nilikokuwa napika mtori asubuhi na ndizi nyama mchana, niliufunga kabla sijauwekea hata kibao cha jina. Lakini masale nilimaliza.

Kwa asiyelijua, sale ni mmea wenye majani marefu yanayofanana na ya mhindi, ila ni magumu zaidi na yanang'aa. Ukikata shina lake ukalichomeka ardhini, linaota. Huku kwetu mlimani lina kazi mbili kubwa. Kwanza hupandwa mpakani, na likishapandwa hakuna mtu anayeling'oa hivi hivi. Nimeona wazee wakikaa kikao cha kutwa nzima kwa ajili ya sale moja lililosogezwa hatua mbili. Kazi ya pili ni kuomba msamaha. Ukimkosea mtu kosa zito, unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyepelekewa sale hana ruhusa ya kukataa.

Kazi zote mbili nilizijua tangu utotoni. Hata hivyo nilipopanda nilikumbuka moja tu, nikaisahau nyingine.

Nianze na mama. Alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa na maneno yakaondoka. Ndugu walikaa wakauliza nani atakwenda kumtunza, na mimi sikuwa na mume wala mtoto wa kuaga. Nikafunga mgahawa, nikarudisha chumba cha kupanga, nikapanda Marangu na masufuria yangu. Tulikaa pamoja miaka mitatu, yeye na mimi na ng'ombe mmoja.

Mkono wake wa kushoto ulibaki na nguvu. Nikampa kikombe cha bati na kijiko, tukatengeneza lugha yetu. Akigonga mara moja, anataka maji. Mara mbili, nimgeuze. Mara tatu, nimtoe nje akae kwenye kiti karibu na jiko, aangalie kama mlima umefunguka. Mara tatu ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Kila Jumapili baada ya misa mdogo wangu wa kiume alikuwa anapiga simu kutoka Dar es Salaam, anakoendesha malori, nami nilikuwa naisogeza simu karibu na kikombe ili mama amsalimie mwanawe. Anagonga, anagonga, na mdogo wangu anasema, "Nasikia, mama, nasikia," kisha simu inakatika.

Asubuhi moja ng'ombe alipiga teke ndoo, maziwa yote yakamwagika kwenye tope. Nilikuwa bado nimeinama pale bandani nikasikia kikombe. Mara tatu. Nikanyamaza. Mara tatu tena. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, hakukuwa na mlima wa kuangalia. Mara tatu tena. Nikaingia ndani na miguu yangu ya tope, nikamchomoa kijiko mkononi, nikakiweka juu ya kabati. Nikamwambia, "Leo utanipumzisha."

Aliniangalia. Halafu akageuza uso ukutani.

Nikarudi kwa ng'ombe. Siku ile nyumba ilikuwa kimya, na mimi niliufurahia ule ukimya. Huo ndio ukweli. Jioni nilimlisha, akala kidogo. Kesho yake nilikuwa na mambo mengi, nikasahau kumrudishia. Keshokutwa yake alfajiri niliingia na uji nikamkuta ameshaondoka. Kijiko kilikuwa bado juu ya kabati.

Kwenye mazishi kila mtu alinishika mkono. "Umemtunza mama. Mungu atakulipa." Walisema hivyo wanawake wa jumuiya, akasema katekista, akasema mdogo wangu akilia. Nilikuwa naitikia "Amina" huku nikitamani waniachie mkono.

Nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza vizuri, akanipa kitubio, akaniondolea dhambi, na sina shaka kwamba Mungu alinisamehe. Lakini mama ndiye ambaye sikumsikia akinisamehe. Nikishika rozari, vidole vinatembea na midomo inatembea, ndani hakuna kitu. Nikaiweka rozari kwenye droo. Miezi ikapita. Nilikuwa naenda misa, nasimama watu wakisimama na kupiga magoti wakipiga magoti, basi.

Desturi yetu ni kwamba kihamba cha nyumbani kinabaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Kwa hiyo nyumba ile, migomba, mibuni na kaburi lenyewe ni vya mdogo wangu. Yeye ndiye aliyeniambia baada ya mazishi, "Kaa hapa, dada. Uiangalie nyumba mpaka nitakapojipanga." Nilikaa kwa hisani yake, na nililijua hilo kila nilipofungua mlango.

Mwanzo wa mvua za vuli, parokia ilitangaza kikundi cha waliofiwa. Tulikuwa tunakutana Alhamisi mchana kwenye ukumbi. Mara ya kwanza alikuja binti kutoka Moshi mjini, mwalimu wa sanaa, amevaa suruali na viatu vya raba, akatugawia karatasi na rangi. Wengi wetu tulikuwa hatujashika rangi tangu tuzaliwe. Jirani yangu, mama mjane mwenye mdomo usiokaa kimya, akainua karatasi yake juu.

"Mwalimu, mimi nimemchora marehemu mume wangu."

Mwalimu akaangalia. "Huyu ni mume, mama?"

"Ndiyo. Usishangae, ndivyo alivyokuwa. Kichwa kikubwa, miguu hakuna."

Tulicheka mpaka katekista akachungulia mlangoni. Nadhani nilikuwa sijacheka tangu mazishi.

Alhamisi ya pili yule mwalimu akatupa kazi. Alisema kila mmoja atengeneze sala yake mwenyewe ya kila siku. Isitoke kitabuni. Itengenezwe kwa mikono na kwa vitu vilivyopo nyumbani kwake, irudiwe kila siku, na siku zikiongezeka iwe kitu cha kuonekana kwa macho. Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi tutatembeleana, kila mtu aonyeshe kazi yake. "Ni kazi ya sanaa kama zile zinazowekwa ukutani," alisema, "ila hii mnaifanya mkiwa mnasali."

Nilinyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Mwalimu, mimi sijui tena kusali."

Nilidhani atanihurumia. Badala yake akaniuliza, "Mama, kwani unajua nini?"

Nikafikiri. Nikasema, "Najua kupika mtori. Najua kukamua. Najua kupanda."

"Basi anzia hapo," akasema, akaenda kumsaidia mwingine.

Jumatano iliyofuata niliamka kukiwa kunapambazuka. Nikanawa mikono kwenye mfereji, nikakata shina moja la sale kutoka ua wa zamani, nikalichonga upande mmoja, nikafunga fundo jani lake la chini. Nikachukua kikombe cha mama na kijiko chake. Nikaenda kusimama bandani, mahali pale pale nilipokuwa nimeinama siku ile. Nikagonga kikombe mara tatu. Kisha nikaitika kwa sauti, "Nakuja, mama."

Nikalichomeka sale mbele ya miguu yangu, nikalishindilia udongo.

Sala yangu yote ilikuwa hiyo. Kesho yake nilirudia, nikapanda la pili hatua moja mbele ya lile la kwanza. Nilikuwa nimeshapanga moyoni: nitatembea tena ile njia niliyokataa kuitembea vizuri, kutoka bandani mpaka dirishani kwake, na kutoka dirishani mpaka alipo sasa, sale moja kwa siku. Nilipima kwa nyayo. Ilikuwa inatosha kufika Krismasi.

Siku za mwanzo niliona aibu. Mtu mzima anagonga kikombe shambani na kujiitikia mwenyewe. Wiki ya pili aibu ikaisha. Wiki ya tatu nikaanza kuwa mchaguzi. Shina likiwa limepinda nilikuwa naliacha natafuta jingine. Fundo likikaa vibaya nalifungua nalifunga upya, jani likipasuka nachuma jipya. Nilinyoosha kamba kutoka banda hadi dirishani ili mstari usiyumbe, nikagundua ukinyooka sana unachukiza macho, nikauachia upinde kidogo pale unapoukwepa mparachichi. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilikuwa narudi nyuma hatua kumi, nakunja mikono, naangalia, na moyo wangu unasema: hapo sawa. Sijawahi kuangalia kitu nilichokifanya kwa namna ile, hata mtori wangu, ambao watu walikuwa wanaufuata kutoka stendi.

Na siku nyingine, nikishaitika, nilikuwa nabaki nimesimama, na ule ukimya baada ya kuitika haukuwa tena ule wa siku ile.

Asubuhi ya thelathini na nane alitokea baba mdogo. Ni mdogo wake baba yangu, kihamba chake kiko chini ya chetu. Nilikuwa nimeshika panga na sale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya masale ni ya nini?"

"Ni sala, baba."

"Ni nini?"

"Sala. Ni kazi ya sanaa. Tumepewa parokiani."

Alitembea kando ya mstari, mikono nyuma, mpaka nilikoanzia, akarudi. "Sanaa," akasema. "Siku hizi kugawa shamba la mdogo wako kunaitwa sanaa."

"Sigawi shamba, baba."

"Huku juu migomba, huku chini kahawa. Katikati masale. Mtoto wa darasa la kwanza ataniambia huo ni mpaka. Nawe ni binti wa humu ndani, hujui?"

Nilikuwa najua. Mimi niliyekulia humu, niliyeona vikao vya masale, nilikuwa nimepanda mstari katikati ya kihamba kisicho changu na sikuona kwamba ni mpaka. Nilikuwa nimeona mafundo tu.

Yeye hakuyagusa. Sale likishapandwa, hata mtu mwenye hasira anafikiri mara mbili kabla ya kuling'oa. Alitoa simu yake mfukoni akaenda zake akiongea.

Mchana mdogo wangu akanipigia. Nilisikia honi na makelele ya bandari nyuma yake.

"Dada, naambiwa unapima shamba."

"Sipimi shamba, mdogo wangu. Namwombea mama."

"Kwa masale?"

"Kwa masale."

"Mimi sielewi. Naomba usiongeze hata moja mpaka nije. Nakuja kabla ya Krismasi. Tafadhali, dada. Nisije nikaambiwa nimekuacha nyumbani ukanigeuka."

Usiku huo niliwaza nifanye nini. Akitaka kuniondoa, ana haki. Nikiondoka nitarudi Majengo kutafuta chumba, na kaburi la mama nitalitembelea kama mgeni, kwa kuomba njia. Nikiacha kupanda, ninabaki. Ni jambo la kuacha tu, hakuna mtu anayekufa kwa kuacha kupanda sale. Lakini nilikuwa bado sijafika hata dirishani kwake. Mara hii tena ningekuwa nimesikia kikombe nikasimama bandani.

Asubuhi nilikata la thelathini na tisa, nikalipanda. Nikampigia simu mdogo wangu mimi mwenyewe, bila kusubiri apelekewe habari.

"Nimepanda," nikasema. "Na kesho nitapanda. Ukija, utafanya unavyoona."

Alikata simu bila kuaga.

Sasa kuna jambo ambalo ningeweza kuliacha, lakini sitaliacha. Siku chache baada ya baba mdogo kunisema, nilikuwa nimesimama na panga nikaangalia upande wa chini wa mstari, kwenye mibuni. Mibuni ile niliipogoa mimi, niliipalilia mimi, nilivuna mimi miaka yote ile. Nikajikuta nawaza: upande huu ungenitosha. Wazo hilo halikuwepo kabla hajalisema, naapa, lakini lilipoingia lilikaa kitako. Siku tatu nilipanda likiwa limekaa. Nilifunga mafundo yangu na kuitika "Nakuja, mama," huku jicho moja likiwa kwenye kahawa. Siku ya nne nilimwambia mama kwa sauti kile ninachokiwaza, pale pale kwenye mstari, kabla ya kugonga. Halikuondoka mara moja. Lakini liliinuka kidogo.

Mdogo wangu alifika siku ya sabini na tano, asubuhi, bodaboda ikamshusha na begi lake barabarani. Nilikuwa nimeshapita dirisha, nakaribia kaburi. Hakuingia ndani. Hakunisalimia vizuri. Alikwenda moja kwa moja bandani, kwenye sale la kwanza, akalishika kwa mikono miwili, akaling'oa.

Lilikuwa limeshika. Lilitoka na mizizi yake ya rangi ya chungwa na bonge la udongo. Nadhani hakutegemea mizizi. Alibaki amelishika, na hapo ndipo alipoliona fundo. Jani la chini lilikuwa limekauka, lakini fundo lilikuwa halijafunguka. Akaangalia la pili, likiwa na fundo. La tatu. Akaanza kutembea ameinama, anagusa moja moja, sale bado liko mkononi, udongo unadondoka kwenye viatu vyake vya safari.

Alipofika niliposimama, uso ulikuwa umebadilika.

"Mpaka haufungwi fundo," akasema.

"Haufungwi."

"Dada, umemkosea nani?"

Nikamwambia. Nilimsimulia ndoo, ukungu, mara tatu, kijiko, kabati. Nilimwambia nilivyofurahia ukimya. Sikupunguza kitu. Kisha nikamwambia na la mibuni, kwamba kwa siku tatu niliitamani.

Hilo la mibuni hakulijibu. Alikaa kwenye jiwe karibu na kaburi, sale magotini kama mtoto. Ng'ombe alilia, nikamwacha alie.

"Zile Jumapili," akasema. "Mama akigonga kwenye simu."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nasema nasikia."

"Ulikuwa unasema."

"Mtandao haukuwa unakatika, dada. Nilikuwa nakata mimi. Sikuweza kuisikiliza ile sauti. Nilikuwa nakata, halafu nakaa kwenye lori nawaza, Jumapili ijayo nitakaa nimsikilize mpaka amalize."

Sikumwambia kwamba si kitu. Ilikuwa ni kitu, na yeye alijua. Nilikwenda ndani nikaleta kikombe na kijiko, nikampa. Hakugonga. Alivishika tu, akageuza kijiko huku na huku, akanirudishia.

Kisha akainuka, akarudi bandani kulirudisha sale kwenye shimo lake. Amekaa mjini miaka mingi. Alilichomeka likalala upande, akashindilia kwa kisigino.

"Litaanguka hilo," nikamwambia.

"Limesimama."

"Limesimama kama mlevi. Sogea."

Akasogea. Nikalinyoosha, tukashindilia pamoja, yeye upande wa juu, mimi upande wa chini.

Jioni aliitwa baba mdogo. Alikuja tayari kwa vita, amevaa koti. Mdogo wangu alimtembeza kwenye mstari, akamwonyesha mafundo. Mimi nilibaki jikoni, nikasikia kila neno.

"Nimeona mafundo," alisema baba mdogo. "Mafundo yanaoza. Miaka thelathini ijayo watoto wenu watakuta mstari wa masale na hakuna fundo hata moja. Watasema nini? Watagombana juu ya sala ya shangazi yao."

Nilimkasirikia mzee yule kwa wiki tano, lakini hapo alisema kweli, na nilikaa nayo palepale jikoni nikiwa na mwiko mkononi.

"Nitawaambia," mdogo wangu akasema.

"Watoto wako wako Dar. Hawajui hata mgomba unakatwa wapi."

"Baba, ung'oe basi wewe."

Hakuna aliyeng'oa.

Nikatoka. Nikasema, "Baba, mpaka unagusa wapi?"

"Unagusa mfereji juu, na barabara chini. Ndiyo mpaka."

"Na huu unagusa wapi?"

Akaangalia, ingawa alikuwa anajua. Mstari wangu unaanzia kwenye banda na kuishia kwenye kaburi. Haufiki mfereji, haufiki barabara. Unaelea katikati ya kihamba, na ncha zake zote mbili unaweza kuzizunguka ukitembea.

"Fungua njia katikati," akasema mwishowe. "Watu wapite na majani ya ng'ombe. Mpaka hauna mlango. Ukiwa na mlango, hata mjinga ataona ni kitu kingine." Akafunga vifungo vya koti lake. "Na mimi nataka chai, nimesimama sana."

Kesho yake nilihamisha masale mawili chini ya dirisha la mama, nikayapanda miguuni pa kaburi. Pakawa na mlango upana wa mtu aliyebeba mzigo. Nikarudi nyuma hatua kumi nikaangalia, na kwa kweli kazi yangu ilikuwa nzuri zaidi kuliko nilivyoipanga.

Jumamosi walikuja wote kutoka kikundini, kumi na wanne, na yule mwalimu na kamera yake. Tulikuwa tumeanza kwa wengine asubuhi: mmoja alikuwa ameshona, mzee mmoja alikuwa amechonga vijiti, na jirani yangu alikuwa amemchora mume wake kila siku mpaka amempata, na safari hii alikuwa na miguu. Kwangu ilikuwa mwisho. Walisimama mlangoni pa mstari wangu wakiangalia. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Masale yale ya mwanzo yalikuwa yameshatoa majani mapya juu ya mafundo yaliyokauka, yale ya mwisho yalikuwa bado ni vijiti, na ukiangalia kutoka bandani unaona kama yanashuka umri taratibu hadi kaburini.

Mwalimu akasema, "Mama, tueleze."

Nilikuwa nimepanga kusema ni njia ya kumkumbuka marehemu. Ni kweli, na ingetosha. Lakini watu hao hao ndio walioshika mkono wangu kwenye mazishi. Nikasema, "Nilimnyang'anya mama yangu kijiko." Nikaeleza yote nikiwa nimesimama wima, mdogo wangu akiwa nyuma yangu. Nilipomaliza hakuna aliyeniambia Mungu atanilipa. Jirani yangu alijifuta pua kwa ncha ya kanga, akasema, "Mwenzangu, na mimi nina yangu. Siku nyingine." Ilinitosha.

Bado lilikuwepo la mwisho, la themanini na moja. Nililichonga mbele yao. Nikagonga kikombe mara tatu. Nikaitika, "Nimefika, mama." Nikalichomeka kichwani pa kaburi, nikashindilia.

Baba mdogo alikuwa amekuja kuchungulia, amesimama pembeni na fimbo yake. "Binti," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "hilo hujalifunga fundo."

"Sikulifunga, baba."

"Lisilo na fundo ni la mpaka!"

"Ndiyo. Hilo ni la mpaka," nikamwambia. "Kuomba kwangu kumeishia hapo."

Alilitazama sana lile sale. Kisha akageukia mdogo wangu akamwambia, "Basi hilo usije ukaling'oa."

Mdogo wangu hakunipa shamba, na mimi sikumwomba. Mambo ya mibuni bado hatujayazungumza. Pengine tutayazungumza, pengine hapana. Alirudi Dar baada ya mwaka mpya. Jumapili anapiga simu baada ya misa, nami natoka na simu nje kwenye mstari wa masale ili asikie, kisha naweka kikombe kwenye jiwe la kaburi nagonga mara moja, ya maji. Hakati. Huwa anangoja mpaka nimwambie nimemaliza.

Sipandi tena. Rozari imetoka kwenye droo, ingawa bado siimalizi kila siku. Asubuhi napita na ndoo yangu mlangoni pa mstari, nayaangalia masale yangu yalivyosimama, na siku ambazo hakuna mtu anayeniona narudi nyuma hatua kumi, nakunja mikono.